UZI: Filamu ya Mapanki (Darwin's Nightmare): tuichambue kwa hesabu za mwaloni (pale samaki wanaposhushwa), si kwa hasira

Mzani_wa_Saa

Wadau, filamu hii kila ikiibuka mabishano huishia palepale. Upande mmoja unasema imelichafua taifa, mwingine unasema imesema kweli tupu. Nauanzisha uzi huu kwa wanaoijua biashara ya sangara yenyewe: nyavu, barafu, mzani, minofu.

Kwa ambao hawajaitazama: imeongozwa na Hubert Sauper wa Austria, imepigwa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria, ikatoka 2004. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César ya Ufaransa kama filamu bora ya kwanza, ikateuliwa pia kuwania Oscar upande wa filamu za hali halisi. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliipinga hadharani, na jina la "Mapanki" likashika mitaani kuliko jina lake la asili.

Picha inayobaki kichwani mwa kila mtazamaji ni ndege kubwa ya mizigo ikipakia minofu kwenda Ulaya huku watu wakianika vichwa na mifupa, ndiyo mapanki yenyewe. Naomba tuanze na ndege hiyo, maana ukiipigia hesabu ndiyo inakuonyesha ukubwa wa jambo.

Ndege aina ya Ilyushin 76 hubeba kama tani 40 hadi 50. Tuchukue 40. Sangara mzima akichunwa ngozi na kusafishwa hutoa minofu ya karibu asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake. Kwa asilimia 36, tani 40 za minofu zinataka tani 111 za samaki wazima. Mtumbwi uliopeleka kiwandani kilo 63 zilizokubaliwa ni mtumbwi uliopata usiku wa kawaida wenye nafuu. Gawanya: karibu mitumbwi 1,760, kila mmoja na watu watatu au wanne, usiku kucha, kwa safari moja ya ndege. Kamera ilikaa uwanjani. Mimi nataka tukae kwenye hiyo mitumbwi 1,760.

---

MinofuNaMifupa

Umeanza vizuri mkuu. Niongeze mgawanyo wa samaki mwenyewe, maana watu wengi humu hudhani "mapanki" ni uchafu uliotupwa.

Kiwandani samaki hupokelewa kwa kupimwa joto (anatakiwa awe karibu na nyuzi 0, akipita 4 au 5 anatiliwa shaka), hukaguliwa macho, mashavu na ugumu wa nyama, hupimwa urefu, huoshwa, kisha hupita meza ya kuchinja minofu, mashine ya kuchuna ngozi, meza ya kusafisha mafuta na mifupa iliyobaki, kupanga kwa ukubwa, kupoza na kufungasha. Minofu mibichi ya ndege hukaa kwenye maboksi ya maboya (yale mepesi yanayozuia joto) kwenye nyuzi 0 hadi 2. Ya kugandisha hushushwa haraka kwenye baridi kali, halafu huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri na kwenda kwa kontena.

Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, hayo ndiyo mapanki. Kisha ngozi, mafuta, utumbo na bondo (kifuko cha hewa). Hakuna hata kimoja kinachokosa mnunuzi. Ngozi huuzwa. Mafuta hukaangwa, na mara nyingi ndiyo yanayokaangia mapanki yenyewe. Kichwa cha sangara mkubwa kina nyama nyingi shavuni na shingoni, na vichwa vilivyotiwa chumvi vimekuwa na soko Kongo kwa miaka mingi.

Funza wanaoonekana kwenye filamu wana sababu ya kawaida. Nzi hutaga kwanza kwenye matamvua na kwenye mpasuko wa kichwa, mahali penye damu na unyevu. Mapanki yakitoka kiwandani saa 6 mchana, yakashushwa chini bila barafu na kuanikwa bila kutolewa matamvua, kesho yake funza wapo. Anayeifanya kazi vizuri hutoa matamvua, hupasua kichwa kifunguke, huosha, hutia chumvi, huweka juu ya kichanja, halafu hukaanga siku hiyohiyo au inayofuata. Tofauti ya mapanki yaliyooza na mapanki safi ni chumvi, kichanja na saa chache. Vyote vitatu vinahitaji mtaji ambao mchakataji wa chini hana, na hapo ndipo filamu ilipaswa kuuliza swali.

---

Kichanja

@MinofuNaMifupa nakubali maelezo ya kitaalamu, lakini tusiisafishe picha kupita kiasi. Panki si aibu, sawa. Ila mtu kula panki ilhali minofu imepita mbele yake kwa sababu ya bei ni jambo la kweli, na filamu haikulibuni. Kiwanda kikinunua kwa bei ya soko la nje, mchuuzi wa mwaloni hashindani nacho. Sangara mzuri anaingia kwenye kontena la barafu la wakala kabla mama mwenye beseni hajafika.

Na kuna jambo ambalo filamu haikuligusa kabisa, nalo kwangu ni zito kuliko mapanki. Kipimo kilichokubaliwa na nchi tatu kupitia LVFO, ile taasisi ya uvuvi ya ziwa yenye makao Jinja, ni sangara wa sentimita 50 hadi 85. Kiwanda hakipokei wa chini ya 50. Huyo mdogo anakwenda wapi? Anakwenda kwenye moshi na soko la ndani. Maana yake sangara ambaye mwananchi wa kawaida anaweza kumnunua, mara nyingi ndiye yule ambaye sheria inamkataza. Doria ikipita, anayekamatwa na samaki ni mchuuzi wa ndani. Mzigo wa nje umenyooka kwenye makaratasi.

---

Furu_Mwekundu

Kwa upande wa ikolojia, kisa cha "mtu mmoja na ndoo moja" aliyemleta sangara ziwani kinavutia kusimulia, ila kinapotosha. Sangara aliletwa kutoka maziwa mengine, Albert na Turkana, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na zaidi ya mara moja. Alikaa kimya karibu miaka 20. Mlipuko ulikuja miaka ya 1980. Furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, walikuwa spishi zaidi ya 500, na inakadiriwa spishi kama 200 zilitoweka au zikabaki chache mno.

Lakini sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Mbolea na udongo kutoka mashambani na maji taka ya miji yalirutubisha ziwa, mwani ukaongezeka, ukifa unaoza chini na kumaliza hewa. Tabaka la chini likawa halina oksijeni kwa miezi kadhaa ya mwaka. Furu waliokuwa wakila mwani na mabaki walikuwa sehemu ya usafi wa ziwa, na walipopungua hali ikazidi. Gugu maji likaja mwishoni mwa miaka ya 1980. Sangara mwenyewe hawezi maji yasiyo na hewa, ndiyo maana siku maji ya chini yanapopanda juu kwa upepo mnaona wamekufa na kuelea kwa wingi.

Jambo moja la jikoni ambalo wataalamu wa samaki hulitaja na watazamaji hawalijui: furu alikaushwa kwa jua tu. Sangara ana mafuta mengi, jua halimtoshi, anataka moshi au kukaangwa. Samaki alipobadilika, kuni zikabadilika, na miti ya visiwani ikaanza kuisha. Hiyo ni gharama ya sangara isiyoonekana kwenye bei ya kilo.

---

Mzani_wa_Saa

Turudi mtumbwini. Chukueni mfano wa kufanyia hesabu, kila mtu abadilishe namba kwa mwalo wake.

Nyavu za sangara za inchi 6 au 7 hutegwa jioni, huvutwa alfajiri. Maji ni ya nyuzi 24 hadi 26. Samaki aliyenasa saa 3 usiku akafa, hadi saa 12 asubuhi ameshakaa saa tisa kwenye maji ya vuguvugu. Ndiyo maana hasara ya kwanza haitokei mwaloni, inatokea ndani ya wavu.

Mtumbwi umeleta kilo 80. Kilo 12 ni wa chini ya sentimita 50, wanakataliwa. Kilo 5 nyama imelegea, wanakataliwa. Zimebaki 63. Kwenye mzani "hukatwa maji" kilo 2 kwa kila tenga la kilo 30, yaani kama 4. Zinalipwa 59.

Kabla ya mgawo hutolewa mafuta ya mashine, chambo kama kuna migonzo (kamba ndefu za ndoano), chakula, barafu. Tuseme vimekula thamani ya kilo 25. Zinabaki 34. Nusu ni ya tajiri mwenye mtumbwi, mashine na nyavu: 17. Nusu ya pili wanagawana wavuvi wanne: kilo 4 na robo kila mmoja. Zile kilo 17 zilizokataliwa (12 na 5) huuzwa kwa wachuuzi kwa bei ya chini, na mara nyingi ndizo mboga na hela ya sabuni ya wavuvi.

Angalieni zile kilo 4 zilizokatwa kwa "maji". Zinakaribia mgawo wa mvuvi mmoja mzima. Kila usiku ni kana kwamba mtumbwi umebeba mtu wa tano asiyevuta wavu.

---

Ndoano_ya_Tisa

Hapo umegusa kidonda mkuu. Na hujaingiza deni bado.

Mfumo ulivyo: wakala wa kiwanda au mfanyabiashara anamkopesha tajiri mashine, nyavu, wakati mwingine mafuta na barafu. Riba haiandikwi popote. Riba ipo kwenye bei. Aliyekopeshwa hulazimika kumuuzia huyohuyo wakala, na bei yake kwa kilo huwa chini ya bei ya aliye huru. Deni halina tarehe ya mwisho kwa sababu nyavu huisha kabla ya deni: zinachanika, zinaibiwa, zinachukuliwa na upepo, anakopeshwa nyingine. Tajiri akijaribu kuuza kwingine, barafu inakatwa. Na bila barafu kwenye kisiwa kama Goziba au Ukara una saa chache tu kabla samaki hajaharibika.

Kwa hiyo barafu ndiyo mnyororo wenyewe. Uwiano wa kawaida kwa joto letu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Mtumbwi unaoleta kilo 60 unataka kilo 60 za barafu, na kwa kuwa sehemu huyeyuka njiani lazima ubebe zaidi. Mitambo ya barafu iko mijini, boti la kukusanya linakuja nayo, na anayelimiliki boti hilo ndiye anayesema bei ya leo ni ipi.

Filamu ilimtafuta mwenye nguvu kwenye ndege. Nguvu iko kwenye boti la barafu.

---

Kichanja

@Ndoano_ya_Tisa hapo nakuunga mkono, ila nina swali kwa wote: bei ya boti la barafu inatoka wapi? Si hewani. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia sangara kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Januari 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa nchi zetu kwa ajili ya kipindupindu, ingawa Shirika la Afya Duniani lilisema hatua hiyo haikuwa na msingi kwa hatari iliyokuwepo. Mwaka 1999 ukaja mzuio mwingine kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Mara tatu ndani ya miaka mitatu, na kila mara bei ya mwaloni ilianguka kwa sababu hakukuwa na mnunuzi mbadala wa ukubwa huo.

Kwa hiyo si sahihi kusema nguvu iko kwenye boti tu. Wakala naye anabeba hofu ya kiwanda, kiwanda kinabeba hofu ya mnunuzi wa nje, na wote wanaisukuma chini mpaka inafika kwa yule mwenye kilo 4 na robo.

---

MinofuNaMifupa

Sahihi. Niongeze kilichofuata baada ya mizuio ile: mamlaka ya uvuvi ilijengewa uwezo wa ukaguzi, maabara ya Nyegezi ikawa nguzo ya upimaji, viwanda vikapewa namba za idhini, mialo ikajengewa gati, paa, sakafu ya kuoshwa na uzio. Ubora ulipanda, hilo halina ubishi. Lakini uzio huohuo ulibadilisha nani anaruhusiwa kuingia samaki anaposhushwa. Wanawake waliokuwa wakinunua moja kwa moja mtumbwini walijikuta nje ya lango, wakisubiri waliokataliwa. Usafi wa mwalo na riziki ya mchuuzi vingeweza kupangwa pamoja, kwa mfano kwa kutenga meza na sehemu ya samaki kwa soko la ndani. Mialo mingi haikupangwa hivyo.

---

Bondo_Kavu

Wakuu, mnachambua biashara ya 2004. Leo kitovu kimehama. Asiyezungumzia mabondo hazungumzii sangara wa sasa.

Bondo ni kile kifuko cha hewa tumboni. Hutolewa taratibu kisitobolewe, huondolewa utando wa damu, huoshwa, hutandazwa juu ya wavu au ubao, hukaushwa siku kadhaa bila kugusa mchanga. Lililotoboka, lenye damu au lililokunjamana hushuka daraja. Hupangwa kwa gramu, na bei haipandi sawasawa na uzito: bondo moja kubwa lina thamani kubwa kuliko madogo mengi yenye uzito uleule. Soko ni China na Hong Kong.

Matokeo yake kwa ziwa ni mabaya. Bondo kubwa hutoka kwa sangara mkubwa, na sangara mkubwa kupita sentimita 85 kwa kawaida ni jike mzazi. Kikomo cha juu kiliwekwa kumlinda yeye. Sasa mvuvi akimpata, thamani ya bondo peke yake inaweza kuzidi ya nyama yote. Anapasuliwa hukohuko ziwani au kisiwani, bondo linaingia mfukoni, nyama inauzwa ndani. Hakuna ndege ya mizigo ya kupiga picha hapa. Mzigo wa thamani kubwa unaenea kwenye begi.

Hoja ya filamu kwamba kilicho bora huondoka imezidi kuwa kweli, ila kilicho bora chenyewe kimebadilika.

---

Furu_Mwekundu

@Bondo_Kavu umenena. Dume la sangara hupevuka mapema, jike huchelewa mpaka anapokaribia urefu huo wa 85. Ukiwaondoa wadogo kwa makokoro (nyavu za kukokota) na nyavu za macho madogo, na wakubwa kwa ajili ya bondo, umelikata kundi pande zote mbili.

---

Mwanafunzi_wa_Vyombo

Nashukuru wakuu, nimejifunza mengi. Naomba kuuliza: suala la silaha kwenye filamu, lile dokezo kwamba ndege za minofu zilileta silaha Afrika, lichukuliweje? Nataka kuandika uchambuzi na sitaki kukosea.

---

Mzani_wa_Saa

Litenganishe na mengine. Filamu haionyeshi sanduku la silaha likishushwa Mwanza. Inaonyesha ndege, mabaki ya ndege zilizoanguka, na mahojiano. Ushahidi wake mzito ni rubani anayeeleza kwamba alibeba mizigo mikubwa kama vifaru kwenda Angola, kisha akapakia zabibu Johannesburg kurudi Ulaya. Huo ni ushahidi wa jinsi safari za mizigo za wakati ule zilivyokuwa zikiunganishwa barani, si ushahidi wa kilichoshuka Mwanza kwa ajili ya minofu. Mwandishi mwangalifu ataandika: filamu inadokeza, inaleta mashahidi, haithibitishi kwa picha.

Na ndege kuja tupu si ajabu kibiashara. Mwanza ilikuwa na tani nyingi za kupeleka na mzigo mdogo wa kupokea kwa ndege. Bei ya minofu ilibidi ilipie safari zote mbili, kuja na kurudi. Hata hilo humrudia mvuvi kwenye bei ya kilo.

---

Kichanja

Kwa mwanafunzi wetu, naomba usisahau dagaa. Watu wakisikia "uvuvi wa Ziwa Victoria" wanawaza sangara, lakini kwa uzito dagaa wamepita nusu ya samaki wote wanaovuliwa ziwani. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, siku kama 20 za mwezi, na wavu wenye matundu ya milimita 8. Ndiyo protini ambayo kaya maskini inaimudu.

Na hapa nako kuna biashara ya mbali. Dagaa walioanikwa mchangani hupata mchanga na mvua, hushuka daraja na kwenda kwenye chakula cha kuku. Walioanikwa juu ya kichanja cha kama mita moja kutoka ardhini, wakitandazwa safu nyembamba na kugeuzwa, hukauka ndani ya siku moja ya jua zuri na huliwa na watu, mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo nguzo, wavu chakavu na turubai la kufunikia mvua ikija ndivyo vinavyoamua dagaa waliwe na mtoto au na kuku. Wengi wanaoanika ni wanawake, na asiye na hela ya kununua mapema hulazimika kumbembeleza mvuvi amtengee. Yale mahusiano ya ngono kwa samaki ambayo filamu iliyaonyesha kama giza la mji yana mzizi huu wa mtaji. Mwanamke mwenye fedha yake mkononi, au mwenye hisa kwenye mtumbwi, hanunui kwa masharti hayo.

---

Ndoano_ya_Tisa

Nalileta suala la sheria kidogo. Operesheni Sangara ya 2018 hapa Tanzania ilichoma nyavu nyingi haramu na kukamata samaki wengi wachanga. Uganda nao mwaka 2017 walianza kutumia jeshi. Samaki wachanga walipumua, sikatai. Lakini anayepoteza wavu wa mkopo habaki na deni dogo, anabaki na deni lilelile bila wavu. Kesho anakopa tena, na wavu wa bei nafuu kabisa sokoni ndio ule wa timba, wa uzi mmoja wa plastiki, haramu. Umaskini na nyavu haramu vinazaana. Ukichoma wavu bila kugusa mkopo, umefanya nusu ya kazi.

---

Mwanafunzi_wa_Vyombo

Swali la mwisho wakuu. Zile kilo 4 za "maji": je, BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) ya mwalo mdogo bila bajeti inaweza kuzikomboa?

---

Mzani_wa_Saa

Inaweza, na huanza na mzani. Mzani wa saa wa kuning'iniza hukosea kwa sababu tatu: springi imechoka, mshale haukurudi sifuri kabla ya kupima, au umening'inizwa ukigusa nguzo. Wakala wa Vipimo ndio wanaoukagua na kuugonga muhuri, kwa hiyo jambo la kwanza ni BMU kukataa mzani usio na muhuri wa mwaka huu.

Kati ya ukaguzi na ukaguzi, mjipimie wenyewe. Chukueni dumu la lita 20, lipimeni tupu na mwandike uzito wake. Lijazeni maji ya ziwa mpaka alama ya lita 20 kamili, hapo mmeongeza kilo 20. Ningʼinizeni. Mshale usome kilo 20 pamoja na uzito wa dumu. Ongezeni dumu la pili, usome 40 na madumu mawili. Pimeni kote kuwili, maana mzani unaweza kuwa sawa kwenye 20 na kudanganya kwenye 40, na samaki wenu hupimwa kwenye 30 na kuendelea. Fanyeni asubuhi kabla boti halijafika, mbele ya wakala na wavuvi wawili, namba ziandikwe kwenye daftari la BMU.

Kuhusu maji: tenga litobolewe chini, samaki wachuje dakika 5 kabla ya kupima, na tenga tupu lipimwe kila mara badala ya kukadiriwa. Samaki wakishachuja, makato ya kilo 2 hayana sababu tena, na mkiwa na daftari mnaweza kudai yaondolewe kwa namba. Wakala akibisha, mwambieni apime tenga moja kabla ya kuchuja na baada ya kuchuja, mbele ya wote, na akate tofauti hiyo tu.